Nilivyoikata Breki ya Baba

Baba yangu hakuwahi kurusha ndege hata siku moja. Kazi yake, kwa miaka zaidi ya ishirini, ilikuwa kuendesha gari la zimamoto katika kiwanja cha ndege cha Unguja, na gari lenyewe siku nyingi lilikuwa haliendi popote. Linawashwa, linasogezwa mpaka kando ya njia ya kutulia ndege, na yeye anabaki ndani yake, kofia ya chuma pajani, anatazama. Ndege ikitua salama, kazi yake imekwisha. Mwenyezi Mungu alimjaalia akastaafu bila ya kuzima moto wowote isipokuwa wa majani makavu.

Kwa kukaa pale alijifunza kitu ambacho sijui kama kuna skuli inakifundisha: alijua kusikiliza breki. Katikati ya miaka ya themanini, nilipokuwa msichana wa skuli, mama alikuwa akinipa bakuli nimpelekee chakula siku za likizo. Tukikaa naye nje ya kibanda chao, ndege ikishuka, huninyamazisha kwa kidole.

"Umemsikia huyo? Kabana, kaachia, kabana tena. Huyo anaijua ndege yake." Au, "Huyu kachelewa. Sasa atabana kwa hofu." Na mara mipira ya magurudumu hulia kwa mlio ule wa kukera meno, na mimi nikimtazama baba kama mtu anayejua mambo ya ghaibu.

Miaka ya tisini watalii walizidi na ndege kubwa zikaanza kuja, na fundi mmoja akamweleza kwamba baadhi ya ndege zile zina breki ya otomatiki. Rubani anazungusha swichi ndogo kabla ya kutua, anachagua ndege ibane kwa nguvu gani, na magurudumu yakishagusa ardhi ndege inajizuia yenyewe. Rubani akitaka kubana mwenyewe, anakanyaga pedali, na hapo hapo ile otomatiki inaachia, inampisha mwenye mguu. Baba alirudi nyumbani na habari ile kama mtu aliyeambiwa kuna mashine ya kumsalia mtu sala zake.

"Breki ni mguu wa mtu," alisema, na maneno yale akayarudia miaka.

Hata hivyo alisikiliza, na baada ya muda akawa anazitofautisha. Ya mashine, alisema, inabana mfululizo, sawasawa, kama mtu anayevuta kamba bila ya kupumua. Ya mtu ina pumzi.

Mama alifariki kabla baba hajastaafu. Mimi nilikuwa nimekwisha achika, sina mtoto, nikarudi nyumbani kwetu Jang'ombe kumtazama yeye na yeye kunitazama mimi. Nilikuwa nafanya kazi Mji Mkongwe, katika duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi. Nilianza na taipureta, na kompyuta zilipokuja nikawa mmoja wa wa mwanzo kuzijua, maana tajiri wetu alikuwa hataki hata kuzigusa. Baba alinunua gari dogo jeupe, kuukuu, akawa analiosha kila Ijumaa kama gari la serikali.

Kisha kiharusi kikampata. Aliamka alfajiri kwenda kutia udhu, akaanguka bafuni. Ulimi Mungu aliusalimisha, mkono wa kulia ukarudi polepole, lakini mguu wa kulia ulibaki mzito. Alitembea akiuburuza kidogo, na ukimwambia akanyage kwa nguvu, anakanyaga, uso unakunjamana, jasho linamtoka, na mguu wenyewe umegusa tu. Hospitali mtaalamu wa viungo alimpa mazoezi: akae kwenye kiti, akanyage kifuko cha mchanga mara hamsini asubuhi na mara hamsini jioni. Alikanyaga siku nne. Siku ya tano alinambia yeye si cherehani.

Ndipo kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi Maskati, alipopata rai yake. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Alituletea kompyuta, si mpya, pamoja na mchezo wa kurusha ndege, fimbo ya kuongozea, na pedali mbili za kuweka chini, kama zile za ndani ya ndege. Ukizikanyaga sehemu ya juu kwa vidole, ndiyo breki. "Mwekee baba," alinambia kwa simu. "Atafanya mazoezi ya mguu bila ya kujua kuwa ni mazoezi."

Nilizifunga mwenyewe pale ukumbini, juu ya meza ya mama ya kushonea. Baba alisimama mlangoni siku nzima ya mwanzo akidai mchezo ni wa watoto. Siku ya pili alikaa. Siku ya tatu nilirudi kazini nikamkuta hajala, anatafuta kiwanja chetu.

Kilikuwamo. Walikichora kama jangwa, hakuna mnazi, hakuna nyumba, bahari ya rangi ya wino, na baba alicheka mpaka akakohoa. Lakini njia yenyewe ilikuwa ndiyo. Aliitambua, akanionesha kwa kidole juu ya kioo mahali lilipokuwa likisimama gari lake.

Kuongoza hakukumshinda. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima na subira alikuwa nayo. Kwa wiki tatu hivi akawa anaweza kuishusha ndege kubwa ile, ikayumba, ikadunda, lakini ikashuka. Kilichomshinda kilikuwa baada ya hapo. Magurudumu yakigusa, anakanyaga. Ndege inapungua mwendo kidogo tu. Njia inakwisha. Ndege inaingia majanini na picha inasimama.

"Hapa mimi ningekuwa nshawasha gari," alisema mara ya kwanza, na akacheka.

Mara ya ishirini hakucheka. Kulikuwa na rafiki yake, mzee mwenzake waliyekuwa naye zimamoto, aliyekuwa akija kila siku baada ya sala ya Alasiri. Namtengezea kahawa, anakaa nyuma ya baba, anatazama. Alikuwa mtu mpole, lakini alikuwa na macho, na kila ndege ilipopita mwisho wa njia baba aliyahisi macho yale mgongoni. Siku moja baada ya kuingia majanini mara tatu mfululizo, baba alibaki ameshika fimbo, akasema bila ya kugeuka:

"Mguu huu ushakufa, yakhe. Unangojea mimi tu niufuate."

Rafiki yake alisema, "Usikufuru." Usiku ule hakula, na kesho yake hakwenda hata msikitini. Alilala akiutazama ukuta, na mimi nikasimama mlangoni na kikombe cha uji, nikaona kwamba nitampoteza kwa sababu ya mchezo.

Mwanzo nilifanya kidogo. Kabla hajakaa, niliizungusha ile swichi ya otomatiki ndani ya picha ya dashibodi, nikaiweka kwenye namba ya katikati. Nilijua hawezi kuiona. Macho yake yalikuwa yamepungua na swichi yenyewe ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Lakini ndege ilipogusa chini alikanyaga, kama alivyozoea, na mashine ikafanya kama fundi alivyomwambia miaka ile: ilihisi mguu wa mtu, ikaachia. Tukaingia majanini.

Basi nikafanya la pili. Mchana, yeye akiwa amelala, nilifungua sehemu ya mpangilio wa mchezo, nikatafuta mahali panapoonesha kila pedali inafanya kazi gani, na kwenye breki nikafuta. Dakika mbili hazikufika. Ile swichi ya otomatiki niliiacha kwenye namba yake. Pedali zilibaki pale pale chini ya meza, na waya wake, na uzito wake, na ukizikanyaga zinashuka na kupanda. Lakini hazikuwa zimeshika kitu. Mashine ile, ambayo haina roho, ilikuwa na adabu ya kumpisha mtu akikanyaga. Mimi mwanawe niliiondolea hata hiyo.

Alasiri ile baba alikaa kwa kubembelezwa. Ndege ikashuka, ikagusa, akakanyaga, na ndege ikaanza kupungua mwendo, vizuri, sawasawa, mpaka ikasimama na njia bado imebaki mbele.

Mkono wake ulibaki kwenye fimbo. Kisha akanigeukia na macho yamejaa maji.

"Umeona, mama?"

Baba alikuwa akiniita mama akifurahi.

"Nimeona, baba," nilisema.

Nilijiambia ni siku moja tu, apate moyo, kisha nitaurudisha mpangilio. Lakini kesho yake alikula wali sahani nzima. Keshokutwa alikwenda msikitini kwa miguu yake. Nani angeurudisha? Kila siku niliahirisha, na kila siku ikawa vigumu zaidi, maana uongo ulikuwa umeshazaa matunda na matunda yenyewe nilikuwa nayaona yanatembea nyumbani.

Siku moja ya masika mvua ilikuwa inanyesha nje kweli, na baba akaniambia niiweke mvua na ndani ya mchezo, mvua na upepo wa ubavuni. Rafiki yake alikuwapo na watu wawili wa mtaani walioingia kujikinga. Ndege ilikuja upande upande, baba akaisawazisha dakika ya mwisho, ikagusa gurudumu moja, kisha la pili, akakanyaga kwa nguvu zake zote mpaka kiti kikalia. Ikasimama katikati ya mstari. Wale wawili walipiga makofi. Baba aliifuta fimbo kwa kitambaa chake cha mfukoni, kama mtu aliyeshuka kutoka kazini.

Rafiki yake hakupiga makofi. Alikuwa ameinama mbele, anasikiliza.

"Mbona inabana sawasawa hivi?" aliuliza. "Haina pumzi. Kama otomatiki."

Nilikuwa nimesimama na sinia ya kahawa.

"Mguu wangu umetulia," baba alisema kwa ukali. "Ndiyo sababu. Au ulitaka utetemeke ndipo ufurahi?"

Mzee yule alimaliza kahawa yake. Lakini nilipomsindikiza mlangoni, akivaa viatu, alininong'oneza, "Ile swichi, mwanangu, umeizima?"

"Nimeizima," nilimwambia. Alinitazama kidogo, akaitika kwa kichwa, akafungua mwavuli wake akenda zake. Baba nilimdanganya kwa kunyamaza. Huyu nilimdanganya kwa mdomo wangu, mtu mzima aliyekuja kuniuliza kwa heshima.

Hospitali mtaalamu alimuuliza, "Mguu unaendeleaje?" Baba akamjibu, "Nnasimamisha ndege nao." Yule kijana alicheka, akaandika kitu, akaendelea na mgonjwa mwengine. Kifuko cha mchanga kilikuwa nyuma ya mlango, kimeingia sisimizi.

Ingekuwa mambo yameishia hapo, labda nisingekuwa na la kuandika. Lakini mtu akishaamini mguu wake, atautumia.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa akikaa Kiwengwa, na habari zikatufikia kwamba homa imemlaza wiki. Jumapili asubuhi nilitoka chumbani kwangu nikamkuta baba nje, ameliondoa turubai juu ya gari. Tangu augue, gari lilikuwa likiwashwa na jirani tu, mara moja kwa wiki, lisife betri. Sasa yeye mwenyewe yumo ndani, kanzu nyeupe, kofia, mikono juu ya usukani.

"Panda," alisema. "Nnakwenda kumtazama dada yangu."

"Baba, tumwambie jirani atupeleke."

"Jirani ana kazi zake." Akanitazama. "Unaniogopa?"

Hapo ndipo palipokuwa pahala pangu pa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache. Baba, zile breki si wewe. Nimeyapanga mara nyingi tangu siku ile, hayazidi maneno matano. Lakini alikuwa ananitazama kwa uso ule wa kusubiri, uso wa mtu aliyerudishiwa kitu, na mimi nikatazama kanzu yake aliyoipiga pasi mwenyewe.

"Sikuogopi, baba," nilisema, nikapanda.

Nataka nisijitetee. Nimewahi kujiambia kuwa nilipanda ili nimlinde. Mimi sijui kuendesha gari. Ningemlinda kwa nini? Nilipanda kwa sababu kukataa kungeniuliza sababu.

Aliendesha vizuri. Mjini alikwenda taratibu, na alipohitaji kusimama alishusha gia mapema, gari likapungua lenyewe, na breki akaigusa tu mwishoni. Dereva wa miaka mingi ana njia nyingi za kusimama. Tulipotoka mjini na barabara ikafunguka alianza kunihadithia mambo ya zamani, na mimi nikaanza kupumua. Nilifikiri, kumbe labda mguu umepona kweli. Labda kwa kukanyaga kila siku, hata kama pedali hazikushika kitu, mguu umepata nguvu. Niliutaka sana ukweli huo.

Tulipokaribia Kiwengwa, pale barabara inapoanza kushuka kuelekea pwani, mwanamke alitoka kwenye kijinjia upande wa kushoto na kiroba cha mwani mbichi kichwani, maji yanamchuruzika mabegani. Maji ya bahari yalikuwa yametoka na wakulima wa mwani walikuwa wanarudi na mavuno yao. Mtu aliyebeba kiroba cha mwani hageuzi kichwa. Alianza kuvuka.

Baba alimuona. Nalisema hili kwa sababu baadaye watu walisema mzee hakuona. Alimuona mapema, nafasi ilikuwapo, na alikanyaga. Nilikuwa nautazama mguu wake. Niliuona ukitoka kwenye pedali ya mafuta, ukapanda juu ya breki, na ukakanyaga, na uso wake ukakunjamana kama ulivyokuwa ukikunjamana mbele ya kompyuta. Gari likapungua kidogo tu.

Nilivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Gari lilisota, likageuka ubavu, na bawa la mbele la gari likampiga yule mama nyongani. Kiroba kilianguka juu ya boneti na mwani ukamwagika kiooni, na yeye akaanguka upande wa kushoto, juu ya mkono wake.

Nilishuka nikamkimbilia. Alikuwa hai, alikuwa anataja jina la Mungu kwa sauti ndogo, na mkono wake ulikuwa umekaa vibaya, umepinda pasipo na kiwiko. Wanawake wenzake walikuja mbio kutoka njiani. Nilipogeuka kumuita baba, nilimuona bado yumo ndani ya gari. Injini imezimika, gari limesimama, na yeye bado amekanyaga. Anautazama mguu wake.

"Nimekanyaga," alisema. "Wallahi nimekanyaga."

Maneno hayo aliyasema kwa sheha wa pale kijijini, akayasema kwa askari, akayasema hospitali kwa watoto wa yule mama. Askari walilichukua gari kulipima na mafundi wakasema breki ni nzima, hazina kasoro. Ikabaki mguu. Baba aliipeleka leseni yake mwenyewe, hajaambiwa, akaiweka juu ya meza ya ofisa, na kesi ikaishia kwa onyo na kwa familia mbili kukaa pamoja, maana yule mama alisema hataki mzee wa watu afungwe. Mkono wake ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Baba hakugusa tena kompyuta. Wala hakutaka rafiki yake aje. Alikuwa hafahamu. Jana yake tu alikuwa amesimamisha ndege ya abiria mia na ushei kwa mguu ule ule. Leo umemshinda kwa gari dogo. Akiwaza hivyo, jawabu alilolipata ni moja.

"Mungu kanionesha," alinambia. "Nilijitia kibri. Wazee wenzangu walikuwa wakinisifu hapa, na mimi nikapenda kusifiwa. Kachukua mkono wa mja wake kunifundisha mimi."

Nilikuwa namkatia nyanya. Niliendelea kukata.

Nilianza kwenda Kiwengwa. Sikuwa na la kutoa ila viungo vyangu. Siku zangu za mapumziko zikikutana na maji makubwa ya kutoka, naondoka alfajiri, nafika pwani, naingia baharini na kanga iliyofungwa kiunoni, maji yananifika magotini, nafunga vichipukizi vya mwani katika kamba za yule mama, maana mkono mmoja haufungi fundo. Vidole vyangu vilivyozoea taipureta vilichanika kwa chumvi. Yeye alikaa pembeni juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono wake umefungwa shingoni, ananionesha wapi nimelegeza. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mwezi wa tatu hivi aliniuliza:

"Aliyenigonga ni babaako. Mbona wewe ndiye unayekuja kila mara kama mwenye deni?"

Nikamwambia. Tulikuwa wawili tu, wenzake wako mbali kwenye mashamba yao. Nilimwambia namna baba anavyodhani Mungu kamuadhibu, nikamwambia habari ya kompyuta, na pedali, na swichi, na ikawa tabu kidogo, maana kompyuta alikuwa hajawahi kuikaribia. Nilimfananishia: kama mtu anayefunga mwani kwa mkono mmoja, na mwengine anakuja nyuma yake kwa siri anafunga tena, mpaka yule wa mwanzo anadhani mkono wake umepona, akapanda mnazi.

Alifahamu papo hapo. Nilitaraji anitukane, na ningepumzika.

"Mkono wangu utapona au hautapona, hilo la Mungu," alisema. "Lakini mimi sasa najua kilichonigonga. Babaako hajui. Anakaa huko anamdhania Mungu vibaya kwa ajili yako." Akainuka juu ya ndoo. "Usije tena hapa mpaka umwambie."

Ilinichukua wiki mbili. Nilimwambia baada ya sala ya Alasiri, amekaa ukumbini, kompyuta imefunikwa kwa kipande cha kanga mbele yetu. Nilimwambia yote kwa mfuatano, swichi, pedali, swali la rafiki yake na jawabu langu, asubuhi ya gari. Nilimwambia haikuwa kibri na haikuwa adhabu. Mguu wake siku ile ulifanya kile ulichokuwa ukikifanya siku zote, ila mimi ndiye niliyemficha.

Nilidhani atakasirika, au atashukuru kuondolewa mzigo. Aliuliza jambo moja.

"Hata ile ya mvua?"

"Hata ile, baba."

Aliitika kwa kichwa. Nilimuona anaipitia tena moyoni, ule upepo wa ubavuni, gurudumu la kwanza, la pili, makofi. Niliona namna ilivyokuwa ikimtoka. Sijawahi kumuibia mtu kitu mbele ya macho yake isipokuwa siku ile.

"Kuishusha uliishusha wewe," nilisema. "Ile haikuwa mimi. Ni breki tu."

"Mimi nilikuwa nnaisikiliza breki," alinijibu.

Siku tatu hatukuzungumza ila salamu na chakula. Siku ya nne alinambia nizirudishe pedali kama zilivyokuwa, na otomatiki niizime, na nisimame pale pale aone kwa macho yake. Nilimuonesha kila hatua, akasogeza uso mpaka karibu na kioo. Kisha akamtumia salamu rafiki yake aje. Mbele yetu sote aliishusha ndege, akakanyaga, na tukaingia majanini. Akaianza upya. Tukaingia majanini. Rafiki yake alisema, "Sasa nnakusikia," na baba akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Kiwengwa.

Alikitoa kifuko cha mchanga nyuma ya mlango akakitikisa sisimizi. Alikanyaga hamsini asubuhi na hamsini jioni, muda wa mwaka na zaidi. Ndege kubwa haikusimama hata siku moja kwa mguu wake. Ndege ndogo ya viti vichache alifika akaisimamisha, si kila mara. Kuendesha gari hakukutaja tena; gari tuliliuza. Kiwengwa alikwenda kwa gari la jirani, akakaa na yule mama barazani kwake, mimi nikiwa nje pamoja na shangazi, na sikujua walizungumza nini. Mkono wa yule mama uliunga umepinda. Anaweza kufunga mwani, lakini kiroba hakiinui, wanambebea wanawe.

Baba aliishi miaka mingine sita. Alinisamehe, na alilisema waziwazi, "Nshakusamehe, mwanangu, dunia na akhera," na mimi ninamuamini. Lakini kuna kitu kilichokuwapo baina yetu kilikwenda. Nikimwambia chai ishatiwa sukari, anaonja mwenyewe kwanza. Nikimwambia kanzu haina doa, anaipeleka dirishani kwenye mwanga. Nikimsomea barua ya kaka, ananyoosha mkono apewe, anavaa miwani, anaisoma tena kutoka mwanzo, polepole, na mimi nimekaa mbele yake nangojea amalize.